Wasomaji Wanauliza: Uzito, Nguvu na Raha ya Gari la Spoti

Barua zilizotufikia safari hii kuhusu magari ya spoti, ya kale na ya sasa, zimezidi nafasi tuliyopewa katika kurasa hizi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine, tukazifupisha palipohitajika, na kama ilivyo desturi ya safu hii tunataja mji wa mwandishi bila kutaja jina lake.

Swali (Dodoma): Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi na shemeji yangu hatuelewani. Yeye ana Subaru Impreza WRX STI, nami natafuta Mazda MX-5 iliyotumika. Ananicheka kwamba natafuta kigari cha kwendea sokoni, kwa kuwa nguvu zake hazifiki hata nusu ya nguvu za gari lake. Naomba utuamulie: gari la spoti hasa ni lipi?

Jibu: Shemeji ni mtu wa kutaniana naye, kwa hiyo tunaamua huku tukijua kuwa ubishi utaendelea. Ukweli uko upande wako, ingawa shemeji naye hana gari baya.

Nguvu za injini hufaa barabara inaponyooka. Kona inapofika, kinachoamua ni uzito. Gari zito likiingia kona kwa kasi, tairi hulazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kulipunguza mwendo na kuligeuza, na kila kilo iliyozidi huwa mzigo kwa tairi hizo hizo, kwa breki na kwa springi. Waliobuni MX-5 waliyafahamu haya vizuri. Gari hilo lilipooneshwa kwa mara ya kwanza huko Chicago mwezi Februari 1989, lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi zipatazo 115, na lilikuwa na uzito wa chini kidogo ya kilo 1,000. Injini ilisogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito ukagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Kielelezo chao kilikuwa Lotus Elan ya Uingereza iliyotoka mwaka 1962, kigari ambacho hakikufika hata kilo 700. Matokeo ni gari ambalo dereva wa kawaida anaweza kulikamua lote katika barabara ya kawaida bila kuvunja sheria na bila kuhatarisha watu. Hadi kufikia mwaka 2016, MX-5 zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeundwa, na hakuna gari la wazi la viti viwili lililowahi kuuzwa kwa wingi kama hilo.

Impreza ya shemeji imetoka katika ukoo wa rali. Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Magurudumu yake yote manne yanasukuma, na kwenye vumbi na matope ya njia zetu MX-5 haiwezi kuifuata hata kidogo. Hata hivyo ni gari la familia la milango minne lililofundishwa mbio, na likifundishwa vizuri kiasi gani bado linabeba uzito wa milango yake, viti vyake vya nyuma na mitambo ya kusukuma magurudumu manne. Mpe shemeji usukani wa MX-5 katika barabara ya lami yenye kona nyingi, kisha umwulize tena.

Swali (Mombasa): Kwa nini kampuni ya Porsche iliweka injini ya 911 nyuma kabisa, mahali ambapo magari mengine yana buti? Tena baba yangu, ambaye amefuatilia Safari Rally tangu ujana wake, hunisimanga kwamba Porsche haijawahi kushinda Safari na kwamba Datsun ndiyo iliyotamba. Je, ni kweli?

Jibu: Mzee anasema kweli, na swali lako la kwanza linasaidia kulijibu la pili.

Injini ya nyuma ni urithi. Ferdinand Porsche ndiye aliyebuni Volkswagen ya mgongo wa kobe, yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa, na gari la kwanza lililobeba jina la familia hiyo, Porsche 356 la mwaka 1948, lilikopa vyuma vingi kutoka kwa Volkswagen hiyo. Mjukuu wake, Ferdinand Alexander Porsche, alipochora gari la kulirithi 356, injini ilibaki pale pale. Gari hilo lilioneshwa Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901. Peugeot, waliokuwa wamejihifadhia nchini Ufaransa namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati, wakalalamika, na ndiyo maana tunalijua kwa jina la 911. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya lita 2.0 yenye silinda sita zilizolala, tatu upande huu na tatu upande ule, na nguvu za farasi 130.

Mpangilio huo una faida na una hila. Uzito ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, gari hushika ardhi vizuri linapotoka kwenye kona, hata penye kokoto au matope. Hila yake huonekana pale dereva anapoingia kona kwa kasi kupita kiasi, akaogopa, akaachia ghafla pedeli ya mafuta. Uzito husogea mbele, tairi za nyuma hupoteza mshiko, na ile injini nzito huko nyuma huendelea na safari yake kama mkia wa mamba, ikiligeuza gari lote. Madereva wengi wa miaka ya 1960 walijifunza jambo hilo mtaroni. Mwaka 1968 kampuni iliurefusha umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa milimita 57, gari likatulia kiasi, na tangu hapo historia ya 911 imekuwa ni historia ya mafundi kulifuga kosa moja bila kukubali kuliondoa. Sisi tunaona ukaidi huo ndio uliolipa gari hili tabia yake.

Sasa tuje kwenye Safari. Porsche 911 lilifika la pili mara tatu. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alishindwa na Hannu Mikkola, aliyekuwa katika Ford Escort na aliyekuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mashindano hayo. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa akiongoza kabla gari lake halijavunjika sehemu za chini, na Joginder Singh, yule Simba wa Kenya, akampita katika Mitsubishi Lancer ya lita 1.6. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo alikuwa wa pili nyuma ya Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504 yake. Mara zote kasi haikukosekana. Safari ya enzi hizo ilikuwa ya maelfu ya kilomita, na ushindi ulikwenda kwa gari lililofika likiwa na magurudumu yake yote, si kwa gari lililokimbia kuliko yote katikati ya njia.

Datsun 240Z ndilo lililoweza kuwa la spoti na gumu kwa wakati mmoja. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973 baada ya kulingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine. Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, na kabla ya kustaafu alikuwa ameshinda Safari mara tano.

Mwambie baba jambo moja la kumpoza, au la kumchokoza, kama mlivyozoeana: Waldegård yule yule alirudi Afrika Mashariki akiwa mtu mzima sana, na mwaka 2011 akashinda Safari ya magari ya kale akiendesha Porsche 911.

Swali (Mwanza): Je, Toyota Supra mpya ni Toyota au ni BMW?

Jibu: Ni vyote viwili. Supra iliyotoka mwaka 2019 iliundwa kwa ushirika na BMW Z4, ina injini ya BMW ya silinda sita, na iliunganishwa Graz nchini Austria. Anayetaka Supra ambayo injini yake pia ni ya Toyota atafute ile iliyoanza mwaka 1993, yenye injini ya 2JZ, na ajiandae kwa bei ambayo haina huruma.

Swali (Nairobi): Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu utoto nimelipenda Datsun 240Z, na sasa nimejiwekea akiba kidogo. Naomba ushauri: niagize kutoka Japani au nitafute hapa nchini? Na nikilipata, nikague nini?

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na hongera kwa akiba hiyo.

Kuhusu kuagiza, kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na 240Z liliacha kuundwa mwaka 1973. Kwa sababu hiyo, tafuta gari ambalo tayari lina namba za Kenya. Yapo, kwa kuwa Datsun ziliuzwa kwa wingi katika ukanda huu wakati wa sifa za Safari. Nenda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi hukagua injini, ndani ya gari na hata chini ya bodi, uzungumze na wenye magari. Wao ndio wanaojua ni gari gani limelala katika banda la nani.

Kuhusu ukaguzi, anza na bodi na umalizie na injini, kinyume cha wanavyofanya wanunuzi wengi. Injini ya 240Z, ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizosimama mstari mmoja, ni ya chuma kigumu, na jamii yake ilitumika katika Datsun na Nissan nyingi, kwa hiyo spea na mafundi wanaoielewa hawajaisha. Bodi ndiyo inayofilisi. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na pembezoni mwa mlango wa nyuma. Mahali ambapo sumaku haishiki pamepigwa pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya pati kuna kutu au kuna ajali. Fungua boneti, ondoa betri, utazame bati linaloikalia, kwa sababu asidi ya miaka mingi hulitoboa na kuteremka hadi kwenye shasi. Inua zulia upande wa dereva na wa abiria, ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Halafu ingia chini ya gari ukiwa na bisibisi, uguse mihimili miwili inayopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma. Ikitoa sauti ya bati jepesi, au bisibisi ikizama, gari hilo linahitaji kukatwa na kuchomelewa upya, na gharama ya kazi hiyo inaweza kupita bei ya kulinunua.

Baada ya hapo ndipo ukague namba. Magari mengi ya aina hii yamebadilishwa injini, hasa kuwekewa ile ya lita 2.8 ya miaka ya baadaye. Mabadiliko hayo si dhambi, na wengine huyapenda kwa sababu gari huchangamka zaidi, lakini lazima namba ya injini ilingane na ile iliyoandikwa katika hati ya usajili, na bei lazima ishuke. Kabureta zake mbili zikiwa zimetunzwa na kusawazishwa vizuri, injini itaunguruma taratibu bila kutetemeka. Mwenye gari akikwambia kwamba mtetemo ni kawaida ya magari ya zamani, msikilize kwa adabu, kisha uendelee kukagua.

Neno la mwisho kwako, Mwalimu: ni afadhali ununue gari lenye bodi nzima na injini iliyochoka kuliko lenye injini inayoimba na bodi ya pati.

Swali (Arusha): Nimeona Mazda RX-8 ya mwaka 2005 inauzwa kwa bei ndogo kuliko Toyota Vitz. Marafiki wananiambia nikimbie. Kuna nini hapo?

Jibu: Kuna injini ambayo haina pistoni. Badala ya vyuma vinavyopanda na kushuka, RX-8 ina rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba, zinazozunguka ndani ya vyumba vyake kama mawe mawili ya kinu. Ujazo wake ni lita 1.3 tu, lakini katika gari lenye gia sita za mkono injini hiyo hupaa hadi mizunguko 9,000 kwa dakika, laini, bila kelele ya vyuma kugongana. Ni ndogo na fupi, hivyo imewekwa chini na nyuma ya ekseli ya mbele, na gari hugeuka kwa wepesi ambao hata wapinzani wake waliusifu. Mazda ndiyo kampuni iliyoing'ang'ania teknolojia hii wengine walipoiacha, na mwaka 1991 gari lao la mbio, 787B, lilishinda saa 24 za Le Mans kwa injini ya rota nne, ushindi wa kwanza wa Japani katika mashindano hayo.

Sasa sababu ya bei. Kwenye ncha za kila rota kuna vipande vyembamba vinavyoziba mwanya kati ya rota na ukuta wa chumba. Vikilika, mgandamizo hupungua, gari hugoma kuwaka likiwa la moto, na injini lazima ifunguliwe. Ili vipande hivyo visilike upesi, injini huunguza oili kidogo kwa makusudi. Anayesubiri siku ya sevisi ndipo atazame kijiti cha oili ataiua. Tena haifai kuwasha gari likiwa la baridi, kulisogeza hatua chache na kulizima, kwa kuwa petroli hujaa ndani na plagi hulowa. Ukiongeza kwamba hunywa petroli kama gari kubwa, utaelewa kwa nini wenye nazo wengi huziuza mapema.

Je, ukimbie? Si lazima. Mwombe muuzaji akuruhusu upime mgandamizo kwa kifaa maalumu cha injini za rota, kinachotoa vipimo vitatu kwa kila rota, kwa sababu kile cha kawaida hukupa kipimo kimoja tu na kuficha upande uliochoka. Baada ya hapo lizungushe gari hadi lipate moto sawasawa, ulizime, usubiri dakika kumi, ulipige tena. Likikataa, ondoka. Likikubali na vipimo vikiwa sawa, na kama fundi wako anaijua injini hiyo kwa vitendo na si kwa kusikia, utakuwa umepata gari la spoti la kweli kwa bei ya gari la kwendea kazini. Kama fundi huyo hayupo Arusha, marafiki zako wana haki.

Swali (Muscat, Oman): Mhariri, mimi ni mjukuu wa Wazanzibari, nimezaliwa huku. Barabara zetu zimejaa magari ya kifahari yenye nguvu za farasi 700 na kuendelea, na vijana wenzangu huhesabu namba hizo tu. Nami nazipenda, lakini nikitazama magari ya miaka ya 1990 nahisi kuna kitu yalikuwa nacho ambacho haya hayana. Ni mawazo tu ya kutamani ya kale, au kuna hoja?

Jibu: Kuna hoja, na anayeieleza vizuri kuliko wote ni Mwafrika. Gordon Murray alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1946, akaenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akawa mbunifu wa magari ya mbio ya Brabham. Baadaye alibuni McLaren F1, gari la barabarani lililooneshwa mwaka 1992. Dereva wake hukaa katikati, na abiria wawili hukaa pembeni yake nyuma kidogo. Injini yake ya silinda 12, lita 6.1, iliundwa na BMW na haina turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kuta za chumba cha injini zilibandikwa karatasi ya dhahabu halisi, kwa kuwa dhahabu huakisi joto vizuri. Fujo za matajiri, utasema, lakini ilikuwa na kazi. Gari lote lilikuwa na kilo 1,138. Mwaka 1995 toleo lake la mbio lilishinda Le Mans, na mwaka 1998 lile la barabarani lilifikia kilomita 386 kwa saa.

Linganisha na Bugatti Veyron ya mwaka 2005. Silinda 16, turbo nne, nguvu za farasi 1,001, na uzito wa karibu tani 1.9. Lilipita kasi ya McLaren, likavuka kilomita 400 kwa saa, na hakuna anayeweza kudharau uhandisi wake. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hizo ilikuwa ya kuubeba uzito ulioletwa na mitambo ya kuzalisha nguvu hizo hizo: rejeta za kupoza, mabomba, gia nzito, magurudumu manne yanayosukuma. Huo ni mduara ambao magari mengi unayoyaona Muscat yamo ndani yake. Nguvu huleta uzito, uzito hudai breki kubwa na tairi pana, navyo huongeza uzito, na mwishowe kompyuta lazima iwe katikati ya dereva na barabara ili gari litawalike.

Unachokihisi katika magari ya miaka ya 1990 ni kwamba usukani uliunganishwa na magurudumu kwa vyuma na mafuta, hivyo kokoto ndogo ilifika viganjani, na kwamba gia ilibadilishwa na mkono wa mtu. Gia za kisasa za klachi mbili, moja ikishughulikia gia za witiri na nyingine za shufwa, hubadilika kwa kasi isiyofikiwa na dereva yeyote. Zinashinda kwa saa. Ila zimempunguzia dereva kazi iliyokuwa nusu ya raha.

Hata hivyo usije ukadhani kwamba kila cha kisasa kimepotea. Murray mwenyewe, mwaka 2020, alitangaza gari jipya liitwalo T.50: injini ya silinda 12 ya lita 3.9 inayofika mizunguko 12,100 kwa dakika, gia sita za mkono, uzito wa kilo 986, na feni nyuma ya kunyonya hewa iliyo chini ya gari ili lishike lami, wazo alilolitumia katika gari la Brabham ambalo Niki Lauda alishinda nalo Sweden mwaka 1978. Yalipangiwa kuundwa 100 tu, kwa hiyo wewe na mimi tutaendelea kuyatazama pichani. Lakini hata Porsche, walipoiwekea 911 GTS mota ya umeme ya kuisaidia injini mwaka 2024, walijitahidi hadi uzito ukaongezeka kilo 50 tu, ilhali wengine huongeza mamia. Vijana wenzako wakihesabu farasi, waulize na kilo.

Swali (Tanga): Shikamoo Mhariri. Marehemu baba ametuachia MGB GT ya mwaka 1966. Imekaa bandani miaka mingi, hatujui mara ya mwisho iliwaka lini. Kaka zangu wanataka kuipiga betri mpya na kuiwasha. Mimi naogopa. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba dada, na poleni kwa msiba. Wazuie kaka zako leo hii.

Sababu ya kwanza ni betri yenyewe. MGB za hadi mwaka 1967 ziliunganishwa kinyume na magari ya leo: upande chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Tena gari lina betri mbili za volti 6, zilizofichwa nyuma ya viti. Fundi asiyejua akifunga kwa mazoea, ataunguza nyaya na vifaa kabla injini haijazunguka hata mara moja. Kwanza mtafute waya mnene unaoingia kwenye bodi, mhakikishe umetoka upande gani, na kama kuna mtu aliyewahi kubadilisha mfumo huo.

Kisha ondoeni plagi zote nne, mtie kijiko cha oili katika kila silinda, mwache ilale usiku kucha. Kesho yake izungusheni injini kwa mkono, kwa spana kubwa kwenye boliti ya mbele ya krankishafti, taratibu. Ikikwama, msilazimishe, ongezeni oili na subira. Ikizunguka, mwageni oili ya zamani, mwageni petroli yote iliyo kwenye tangi, kwa sababu imegeuka kuwa gundi inayonuka kama rangi, na msafishe kabureta zote mbili.

Kuna jambo la petroli pia. Injini hiyo iliundwa wakati petroli ina risasi, ambayo ililinda viti vya valvu visilike. Petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa mwaka 2005. Kama kichwa cha injini hakijawahi kuwekewa viti vigumu, tumieni dawa ya kuchanganya kwenye petroli, na siku mtakapokifungua muviweke.

Hewa ya chumvi ya Tanga ni adui mkubwa zaidi ya yote haya. Bodi ya MGB inabebwa na mihimili iliyo chini ya milango, na ikiliwa na kutu gari hujikunja katikati. Fungeni mlango mmoja, mtazame kama mwanya wake juu ni mwembamba kuliko chini. Ukiwa hivyo, acheni mambo ya injini kwanza mkamwone fundi wa bodi. Faraja ni kwamba MGB ziliundwa zaidi ya 500,000, na hadi leo spea zake zinapatikana Uingereza, hata bodi nzima mpya.

Breki zishughulikiwe zote kabla gari halijasogea: mafuta ya breki hufyonza unyevu na kutia kutu silinda zake kwa ndani. Tairi zitupwe hata kama kashata zake zinaonekana mpya. Tairi za miaka ya karibuni zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka zilipoundwa, hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa na tarakimu tatu tu, ziliundwa kabla ya mwaka 2000. Gari likishakuwa tayari, liendesheni walau mara moja kila baada ya wiki mbili hadi oili ipate moto kabisa. Kuliwasha na kuliacha lingurume bandani hakusaidii, kwa kuwa maji hubaki ndani ya bomba la moshi na kulitoboa. Tuandikie tena mkishaizungusha injini kwa mkono, utueleze imekuwaje.